Mchapakazi Katika Shamba la Ulezi

Mwanangu, siku niliyong'oa ulezi wa mama mkwe wangu naikumbuka kuliko hata siku niliyoolewa. Ilikuwa enzi za Mwingereza, nami nilikuwa mkamwana wa miezi mitatu hapa Njombe. Mume wangu alikuwa Makambako akitengeneza barabara. Nyumbani tulibaki mimi na mama yake.

Wakati wa palizi, majirani waliopita njiani walinisalimu wakasema, "Huyu binti mchapakazi kweli." Neno hilo lilinilevya kuliko ulanzi. Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kila nilipoona mtu njiani, nilizidisha kasi. Mama hajamaliza kipande chake, mimi nimeshavuka cha pili. Kwetu tulilima mahindi tu, mwanangu; sikujua kwamba ulezi mchanga unafanana mno na magugu. Nami niliona aibu kuuliza.

Mama alikuja, akainama, akaokota miche kwenye lundo langu.

"Twilumba, hiki ulichong'oa ni nini?"

"Magugu, Mama."

"Ni uji wetu wa mwaka mzima."

Nikapiga magoti nikalia. Niliona njaa mbele yetu, nikajiona ninarudishwa kwetu.

Hakunigombeza. "Maji yakimwagika hayazoleki," alisema, "lakini haya si maji, na manyunyu bado yapo. Inuka tupande."

Tulirudishia mche mmoja mmoja kwa siku mbili, migongo ikituuma. Mingine ilikauka, mingi ikashika. Tukiwa tumeinama hivyo, akaniambia, "Kuchapa kazi si kuikimbiza. Mchapakazi ni yule ambaye ukipita nyuma yake huna la kurekebisha. Na asilolijua, huuliza."

Mavuno hayakujaza kihenge, ila yalitutosha. Mume wangu aliporudi, Mama alimwambia tu, "Mkeo anaujua ulezi." Nilifurahi siku ile, na hadi leo nikikumbuka natabasamu.

Basi, mwanangu, watu wakikuita mchapakazi, shukuru, kisha geuka utazame ulikopita. Usiwafanyie kazi wapita njia. Wao wana safari zao, wewe utakula ulichopanda. Na kuuliza si ujinga. Mungu aitie nguvu mikono yako, akupe wazee wa kukuelekeza kwa upole, na chakula kisikatike nyumbani mwako.