Kaka amelipita birika bila kuliona

Leo nimemnyang'anya kaka yangu Seif ufunguo wa pikipiki.

Tulitoka mtaani kwetu Khuwair asubuhi, kila mtu na pikipiki yake, tukashika barabara ya zamani ya kwenda mji wa Nizwa. Mchezo wetu ni kusimama kwenye kila sanamu ya njiani na kupiga picha.

Penye sanamu ya birika la kahawa, upande wa kushoto wa barabara, ndefu kama nyumba ya ghorofa, mimi nilisimama.

Yeye akapita tu.

Nilimkuta mbele, kwenye kituo cha mafuta.

"Kaka, mbona hukusimama penye birika?"

"Kwani tushalifikia?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Aliinama akijidai anafunga kiatu.

"Jicho la kushoto lina ukungu tangu Ramadhani," akasema. "Sukari hiyo. Usimwambie shemeji yako."

Pikipiki yake tumeiacha pale pale. Nimempakia nyuma mpaka kwake.

Lakini kesho asubuhi angewapeleka wanawe skuli kwa gari, kama kawaida.

Basi nimemwambia shemeji.

Alilia, kisha akaficha ufunguo wa gari.

Kaka hapokei simu zangu tangu adhuhuri.

Semeni kweli, nyinyi mngenyamaza?