Fungu Lililokwenda Mbali

Watu wa bandarini walimwita Fimbo, kwa kuwa hakuonekana bila mti wake mrefu uliopakwa mistari ya rangi. Kazi yake ilikuwa kupima fungu la mchanga lililojificha chini ya maji mbele ya ufuo, ili vyombo visikwame. Dada yake mkubwa, fundi cherehani, alikuwa na nyumba ya mwisho kabla ya maji. Kila ufuo ulipoliwa na dhoruba, Fimbo alimpa jibu lile lile: "Mchanga utarudi."

Na kweli ulikuwa ukirudi. Bahari ilipochafuka, mawimbi makubwa yalivunjika juu ya fungu, na maji yaliyorejea chini kwa chini yaliukokota mchanga wa ufuo hadi huko. Bahari ilipotulia, mawimbi madogo yaliusukuma chembe kwa chembe, mpaka fungu likajishikiza tena ufuoni.

Mwaka huu dhoruba zilifuatana bila kupumua. Kisha bahari ikatulia, miezi ikapita, na mchanga haukuonekana. Msingi wa jiko la dada ukabaki wazi kama ufizi usio na meno.

"Mchanga wako umeoa huko nje," dada alimtania, macho kwenye sindano. "Shemeji yako naye aliaga kwamba anarudi."

"Dada, usiufananishe na yule."

"Basi nenda ukautazame. Ukisema nihame, nitahama. Ila usinidanganye kwa kunihurumia."

Asubuhi Fimbo alitoka na mashua ya bandari. Pale palipokuwa na fungu, mti ulizama wote na mkono ukafuata hadi kwapani. Miaka yote alikuwa amepima kimo, kwa sababu ndicho walichokihitaji manahodha. Umbali hakuna aliyemwuliza, naye hakujiuliza. Alilikuta fungu mbali sana, kwa kamba yenye kipande cha risasi cha kupimia kina, katika kina ambacho mawimbi madogo yalipita juu yake bila kuligusa. Hapakuwa tena na kitu cha kulisukuma nyumbani.

Alirudi moja kwa moja hadi kwa dada yake. Alipiga magoti, akaanza kulegeza skrubu zilizoishika cherehani kwenye meza yake.

Dada aliinua macho kutoka kwenye sindano. "Kumbe," alisema. "Ngoja basi nimalize pindo hili. Mwenye gauni anakuja kesho."

"Atalifuata kwangu."

"Kwenye hicho chumba chako kimoja?"

Dada akakanyaga kanyagio, naye Fimbo akasubiri palepale sakafuni, bisibisi mkononi.