Bibi yangu hasikii harufu, nikamfungia kifaa cha kunusa gesi

Wakuu salaam, na waliotuzidi umri shikamooni.

Haya yamenitokea mwenyewe, sijatia chumvi. Elimu yangu ni form four tu, kwa hiyo fundi akiona nimeteleza anirekebishe.

Nauza duka la vifaa vya umeme hapa Mikumi. Bibi mzaa mama anaishi peke yake Magomeni, Kilosa. Nilimpelekea mtungi mdogo wa gesi maana moshi wa kuni ulikuwa unamtoa machozi, na mimi nikiona machozi ya bibi nalia kabla yake.

Shida ni kwamba alipata mafua makali, yakaondoka na pua. Hasikii harufu yoyote.

Siku moja mjomba Daudi, mwanawe, alikuja kutoka Munisagara. Akakuta jiko limefunguliwa, halijawashwa, nyumba inanuka gesi, na bibi ametulia anachambua mchele.

Mjomba akakata shauri. "Jumamosi nakuja na pikipiki. Mtungi nauchukua, na wewe mama unahamia kwangu."

Bibi akanipigia. "Mjukuu wangu, nikawe mgeni jikoni kwa mke wa mtu? Nyumba hii tulifyatua tofali na babu yako."

Nikatoa kifaa kimoja cha kunusa gesi dukani, nikampa dereva wa basi ampelekee.

Kinavyofanya kazi, kwa nilivyoelewa: ndani kuna kipande kidogo kama punje, kinapashwa moto na umeme. Gesi ikikigusa, umeme unapita kwa urahisi zaidi. Kifaa kinaona hayo mabadiliko, kinapiga kelele. Ukishakichomeka unakiacha dakika chache kipate moto kwanza.

Ijumaa nikaenda kuhakikisha. Nikakikuta juu ya kabati, pembeni ya redio, kimefunikwa kitambaa cha kudarizi.

"Kisipigwe na vumbi," bibi akasema. Ua jekundu katikati, kazi ya siku mbili. Ningemgombezaje?

Nikachukua kiberiti cha gesi, nikakibonyeza bila kuwasha, karibu na kitambaa. Kimya. Nikafunua, nikabonyeza tena. Kikalia hadi kuku wakatawanyika uani.

Halafu nikamweleza kuhusu kabati. Gesi hii ya kupikia ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini. Ukikiweka juu, kitakuja kushtuka mambo yameshaharibika. Tukakihamishia kwenye soketi ya chini, kama shubiri moja na nusu kutoka sakafuni.

(Kumbe spiriti nayo kinainusa. Bibi alipochua goti kikalia, akakiambia, "Hayakuhusu.")

Jioni nzima tukafanya mazoezi. Kikilia: funga mtungi, fungua dirisha na mlango, usiguse swichi wala plagi yoyote maana hutoa cheche, toka nje. Akanirudishia kama anasoma somo kanisani.

Jumamosi mjomba akafika.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Na hicho kidude chako hakibadilishi kitu."

Akainama, akauvuta mtungi bila kuufunga. Mpira ukachomoka kwenye jiko. Ssssss.

Kifaa kikaanza kulia. Mjomba akachanganyikiwa na ile kelele, akanyoosha mkono akichomoe kwenye soketi.

"Daudi. Mkono." Bibi hakupaza hata sauti. "Ukichomoa hapo panaweza kutoka cheche."

Bibi akazungusha regulator, kile kifungio cha juu ya mtungi, akafunga. Akasukuma dirisha. Akatutoa sote wawili nje kama mbuzi.

Tukasimama uani. Mjomba jasho linamtoka.

"Mama, ni mimi nimeuvuta."

"Nimeona. Na eti mimi ndiye nisiyeweza kukaa peke yangu."

Mjomba akaangalia chini, kisha akacheka mpaka akakaa kwenye ndoo. Harufu ilipoisha akabana ule mpira kwa klipu mpya, akanywa chai, akarudi Munisagara na pikipiki tupu.

Nilichojifunza wakuu: kifaa chenyewe ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni mahali unapokiweka, na mtu anayejua afanye nini kikilia. Pia hiki changu hakinusi sumu ya mkaa, ile isiyo na harufu. Hiyo ina kifaa chake, kwa hiyo usiingize jiko la mkaa ndani ukidhani unalindwa.

Umeme ukikatika nacho kinalala, na bibi nimemwambia siku hizo apikie nje kwa kuni. Hataki. Mwenye uzoefu na vile vya betri aniambie vinakaa na chaji muda gani. Na kama nyumbani kwenu kuna mzee anayepika peke yake, mnafanyaje? Nasoma maoni yote.