Ukuta niliouchora mimi umeua, analaumiwa fundi

Admin, naomba ufiche jina langu. Nina miaka 31, naishi Tabora mjini, nachora ramani za ujenzi kwenye ofisi ya baba yangu mdogo, ambaye ni mhandisi. Wazazi wangu walifariki nikiwa darasa la tatu. Yeye ndiye aliyenilea na kunisomesha.

Mwaka juzi tulipata kazi ya ukuta wa kuzuia udongo wa kilima, juu ya nyumba za watu. Baba mdogo hakwenda hata kuuangalia huo udongo. Aliniambia nichukue ramani ya ukuta mwingine mfupi, niurefushe kwenda juu, nibadilishe jina la mteja. Nilimuuliza mbona msingi na nondo vinabaki vilevile. Akasema mhuri ni wake, mimi nichore. Nikachora.

Fundi alikuwa mzee mmoja wa Goweko. Alikuja ofisini akanionyesha kwamba ramani haina matundu ya kutolea maji. Nilijua anasema kweli. Lakini baba mdogo alikuwa chumba cha pili anasikia, nikamwambia, "Mzee wangu, fuata ramani." Akaitikia, akaondoka.

Mwaka huu mvua zilinyesha siku nne mfululizo. Asubuhi ya siku ya tano ukuta ukalala, ukamfunika mama aliyekuwa anafua nguo za wajukuu. Walimtoa ameshafariki. Nilikwenda msibani, binti yake akanishika mikono akanishukuru kwa kuja.

Watu wanasema fundi aliiba saruji. Baba mdogo naye alisema hivyohivyo mbele ya wafiwa, nimekaa pembeni yake, nikanyamaza. Mzee wa watu amerudi Goweko, hakuna anayempa kazi tena, na sasa polisi wanamwita.

Juzi nilimfuata kwake. Nikamwamkia, akaitika marahaba, akanipa kiti. Hakunilaumu hata kidogo. Nakala yake aliirudisha ofisini kazi ilipoisha, kwa hiyo aliniuliza kitu kimoja tu.

"Mwanangu, ile ramani bado unayo?"

Nikamwambia sina.

Ninayo. Iko kabatini kwangu, na chini kabisa, kwenye nafasi ya mchoraji, kuna jina langu. Nilipomgusia baba mdogo alilia mbele yangu, mtu ambaye sijawahi kumwona akilia. Akasema nikiitoa nitakuwa nimemzika akiwa hai.

Mzee anatakiwa polisi Jumatatu. Ndugu zangu, nitukaneni mkitaka, ila mniambie: niende naye na ile ramani, au nimwache aliyenilea azeeke kwa amani?