Mikono ya Gari la Mikate

Penisimani, mtoto wa marehemu kaka yangu, ni mtu wa kuchagua polepole. Alipotaka panga la shambani alikwenda dukani siku tatu mfululizo, akilishika, akilipima uzito, akilirudisha mahali pake. Mkewe, Luisa, anasema aliangaliwa kanisani miaka minne kabla ya kusalimiwa. Sisemi haya kumcheka. Nimemlea mimi shangazi yake, yeye na dada yake Kalolaine, tangu mama yao alipofariki, mwaka ule kimbunga kilipong'oa paa la shule hapa kijijini Kolovai. Najua kwamba kitu alichokichagua yeye mwenyewe hakijawahi kumvunjikia mkononi. Panga lile lipo hadi leo.

Gari nalo alilipata hivyo hivyo. Alikwenda Australia kuchuma matunda misimu miwili, akarudi na goti bovu na pesa za kutosha gari moja la Kijapani, lenye mlango mpana wa nyuma, lililokwisha kutumika kwa wengine. Akaling'oa viti, akatia mbao, akapata kazi ya kusambaza mikate. Kila alfajiri hupakia kwenye bekari moja mjini Nuku'alofa, akaja nayo duka kwa duka upande wetu wa magharibi mpaka kisiwa kinapoishia. Kuna wazee huku wanaoamkia honi yake.

Shida ilianza kwenye matairi. Yale ya nyuma yakawa yanalika upande wa ndani tu, huku upande wa nje ukibaki mpya. Kisha mkia wa gari ukaanza kutikisika, na barabara ikilowa ukawa unateleza kama bata kwenye tope. Penisimani akajilaza chini na tochi. Akakuta ile mikono ya nyuma, vile vyuma virefu vinavyolishika gurudumu lisiende kombo, imeliwa na chumvi ya bahari mpaka inamenyeka kama gome, na bushi za mpira kwenye ncha zake zimepasuka.

Ukaguzi wa gari ulikuwa mwisho wa mwezi. Mwenye bekari alikwisha kumwambia kwa upole, upole ule wa mtu aliyekwisha kukata shauri, kwamba gari lisipopata stika mikate atapewa mtu mwenye stika. Penisimani hana kazi nyingine. Kwa goti lile hawezi hata kupanda mnazi.

Akaenda kwa Haloti, fundi wa mjini anayeuza na spea. Haloti mwenyewe ndiye aliyenisimulia yaliyopita, na Haloti akisimulia hapunguzi, labda aongeze.

Mikono ya orijino ilikuwepo, lakini kwa bei ile angeuza nguruwe wote pamoja na zizi. Ya mtumba, iliyofunguliwa kwenye magari yaliyokufa, ilikuwa rahisi kama soda. Penisimani akaigonga kwa kucha.

"Hii imekufa kwa ugonjwa ule ule wa ile yangu," akasema.

"Ndiyo maana ni rahisi," Haloti akamjibu.

Ikabaki mikono mipya ya makampuni mengine. Palikuwa na mmoja mweusi, mnene kidogo, wenye bushi za mpira, bei ya mtu wa kawaida. Penisimani akautoa nje kwenye jua. Akaangalia ulipochomelewa, pande zote. Akapitisha kidole ndani ya tundu la bolti. Akaulinganisha urefu na ule wa zamani, tundu kwa tundu.

"Bushi zake zikiisha, zinauzwa peke yake au ninunue mkono mzima?"

"Zinauzwa peke yake."

"Unazo?"

"Ninazo. Na rangi hii imepakwa hadi ndani, kabla hujauliza."

Penisimani akachungulia ndani.

"Sikiliza, mzee wa mikate," Haloti akasema. "Unanunua chuma au unaposa? Naona bado kuulizia ukoo wake tu."

"Ukoo wake ndio ninaoutafuta."

Haloti alitaka kumuuzia minne. Penisimani alikwisha kukagua akajua kwamba miwili ya juu bado mizima, kasoro yake ni bushi tu, basi akataka miwili tu ya chini na bushi mpya za ile ya juu. Hapo bei ikalingana na mfuko wake. Akasema, "Niwekee mpaka Ijumaa," maana Ijumaa ndiyo siku ya malipo bekari, akarudi nyumbani akipiga mluzi. Luisa ananiambia mluzi ule hakuwa ameusikia tangu Krismasi.

Jumatano likaja boksi kutoka Auckland.

Kalolaine anafanya kazi huko ng'ambo, kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, miaka ishirini sasa. Kila Jumapili baada ya ibada humpigia Luisa simu ile ya kuonana sura, na simu ikianza Penisimani hutoka nje, akasimama nyuma ya tangi la maji. Hawajagombana, ndivyo walivyolelewa, na nimewalea mimi. Kaka na dada wakishakua hawachezi tena, hawataniani, hawakai chumba kimoja kupiga soga. Anasikiliza hapo hapo kwenye tangi, na dada anajua anasikilizwa, na kila mmoja ameridhika. Sasa Luisa, Mungu ambariki na mdomo wake, alikwisha kumsimulia wifi yake habari yote ya gari. Kalolaine akaenda duka la spea, akaandika namba ya gari, akalipa, akatuma.

Ndani ya boksi mlikuwa na mikono minne ya buluu, inang'aa kama vito. Katikati ina nyuzi za kurefusha na kufupisha, na kwenye ncha zake hakuna mpira hata chembe. Ni gololi ya chuma ndani ya kikombe cha chuma. Penisimani aliushika mmoja, akautikisa, akauweka. Kisha akaupeleka kwa Haloti.

"Safi sana hii," Haloti akasema. "Kwa wale vijana walioshusha magari yao mpaka yanalamba lami, hii ndiyo yenyewe. Wanarekebisha magurudumu wanavyotaka. Wewe wa mikate, unayepita kando ya bahari kila siku na vumbi la matumbawe? Chumvi itaingia kwenye gololi. Miezi sita itakuwa inapiga kelele kama kopo la misumari, na hizo nati ukisahau kuzikaza wiki moja tu, gurudumu litaelekea linakotaka lenyewe."

"Nimeletewa na dada yangu."

Haloti akamrudishia ule mkono. Naye ana dada.

"Basi hapo sina la kusema," akasema.

"Ile myeusi iuze tu."

"Nitaiuza."

Kwetu mwanamume hamrudishii dada yake alichompa, wala hamwambii kimekosewa. Kiazi kikuu cha kwanza shambani ni cha dada. Na kununua kingine ukafunga hicho, cha dada ukakiacha kando, ni kumtukana mbele ya kijiji kizima. Basi boksi likawekwa juu ya meza, likatandikiwa mkeka mzuri, na gari likaendelea kwenda na mikono yake iliyooza. Siku zikawa zinakatika.

Zilipobaki siku tano kufika ukaguzi, Luisa alikuja kwangu. Hakukaa kwenye kiti, alikaa chini mlangoni.

"Shangazi, leo limeyumba kwenye kona ya Fo'ui. Lilikwenda mkia mbele. Mikate imemwagika hadi nje."

"Yeye yuko wapi?"

"Yuko nyumbani, anaifuta vumbi ile mikono."

"Anaifuta?"

"Kila jioni. Akiifunga anajua itamtupa. Asipoifunga amemdharau wifi. Kwa hiyo hafanyi lolote, anaifuta vumbi."

"Mumeo akili anazo, ila zimesimama foleni."

Akacheka kidogo, akalia kidogo. "Mdomo wangu ndio ulionunua vyuma hivyo, shangazi."

"Mdomo wako una duka Auckland? Nipe fimbo yangu twende."

Shangazi wa upande wa baba, akiingia kwa mtoto wa kaka yake na kunyosha kidole, kilichoonyeshwa ni chake. Awe nguruwe, uwe mkeka, iwe sufuria ikiwa bado jikoni. Mama yangu alilelewa hivyo na mimi nimelelewa hivyo. Sina tamaa. Kwa Penisimani nilikuwa nimechukua jogoo mmoja tu tangu aoe, tena jogoo mwenyewe alikuwa mkorofi. Lakini haki haiozi kwa kutotumiwa.

Nilimkuta na kitambaa mkononi. Akasimama, akaniletea kiti, akakaa chini. Nikauliza habari za goti, za watoto, za mchungaji. Nikanywa maji. Kisha nikanyosha fimbo juu ya meza.

"Hiyo naichukua."

Alitazama fimbo, akatazama boksi.

"Shangazi, hiyo ni ya gari."

"Naona."

"Shangazi huna gari."

"Je, nimekuomba na gari?"

Luisa alikuwa amejitia kuosha kikombe kilichokwisha kuoshwa.

"Hiyo imeletwa na Kalolaine," akasema kwa sauti ya chini.

"Kalolaine ni mtoto wa nani?"

"Wa kaka yako."

"Na wewe?"

"Wa kaka yako."

"Basi kuna neno lililobaki?"

Penisimani akainamisha kichwa. Nilifikiri anatafuta neno. Kumbe mabega yake ndiyo yalikuwa yanashuka, polepole, kama mtu anayetua gunia. Alisimama na goti lake bovu, akaifunga ile mikono ndani ya mkeka, akaikaza kwa kamba mara mbili, akaniwekea kwenye toroli na kuisukuma yeye mwenyewe hadi kwangu. Nimeona watu wengi wakinyang'anywa vitu, lakini sijaona anayekimbia na mzigo kumshinda mnyang'anyi. Alipoitua barazani kwangu akasema tu, "Asante, shangazi." Nikamwambia, "Unanishukuru kwa kukupora? Nenda, duka linafungwa saa kumi na moja."

Alikwenda na lile lile gari, mwendo wa kobe. Haloti alipomwona akainama chini ya meza, akaibuka na mikono miwili myeusi na kifuko cha bushi.

"Ulisema utaiuza," Penisimani akamwambia.

"Nilisema nitaiuza. Sikusema lini."

Akalipa kwa pesa yake ile aliyoiweka tangu Ijumaa ile. Haloti akamkumbusha jambo moja, kwamba asikaze bolti gari likiwa linaning'inia kwenye jeki, maana ukilishusha mpira unajisokota na kuchanika kabla ya mwaka. Kwanza lisimame kwa magurudumu yake, libebe uzito wake, ndipo ukaze. Jumamosi nzima Penisimani alikuwa chini ya gari. Alilipandisha juu ya mbao nne nene, akatia na magunia ya mchanga mahali pa mikate ili uzito uwe ule ule wa kazi. Hilo hakuambiwa na mtu.

Mimi nilikuwa na langu la kungoja. Jumapili baada ya ibada simu ya mjukuu wangu ikalia, ni Kalolaine, na ananitaka mimi. Sikuwa na hofu. Ila nilikaa sawasawa.

"Shangazi, nasikia umechukua ile mikono ya buluu."

"Nimeichukua."

"Yote?"

"Nyumba yangu kubwa."

Nilimwona kwenye kioo cha simu amejifunika mdomo, nikajua nimemliza mtoto niliyemlea. Kumbe anacheka.

"Shangazi, Mungu akuweke. Wiki mbili nalala nusu nusu. Nimekwisha kutuma, ndipo kijana mmoja kazini akaniuliza gari la kaka yangu ni la mashindano? Nikasema ni la mikate. Akanitazama hivi." Akanionyesha alivyotazamwa. "Akaniambia kando ya bahari itakufa haraka, na ikifa ghafla gurudumu linageuka. Nikawa kila nikifumba macho namwona yuko mtaroni."

"Sasa kwa nini hukusema asifunge?"

"Nimpe kitu kisha nimwambie hakifai? Angeona aibu mara mbili, yake na yangu. Dukani nilikuwa nimeishika myeusi, shangazi. Myeusi, ina mpira. Nikaona rahisi mno. Nikasema watu watasema miaka ishirini ng'ambo halafu hiki ndicho alichomletea kaka yake."

"Watu wangeona wapi, chini ya gari?"

Hapo alicheka mpaka akaiangusha simu. Tulikubaliana ile ya buluu irudi na binamu yake anayesafiri mwezi ujao, duka bado linaipokea maana haijaguswa bolti. Kabla ya kukata akauliza, kwa sauti tofauti, "Amefunga ipi?" Nikamwambia, "Ile uliyoishika dukani."

Ukaguzi ulikuwa Jumanne. Penisimani alikuwa wa pili kwenye mstari. Mkaguzi aliingiza mtaimbo nyuma ya gurudumu, akausukuma, akauvuta, akahamia upande wa pili, akafanya vile vile. Akalala chini kutazama. Penisimani ananiambia alihesabu misumari yote ya kibanda cha ukaguzi. Mkaguzi akasimama, akajipangusa magoti, akabandika stika.

Mvua ilinyesha wiki nzima iliyofuata. Mikate ilifika kila duka mpaka mwisho wa kisiwa, mikavu, saa ile ile, na kwenye kona ya Fo'ui gari lilipita limenyooka kama mtu aliyetoka kwenye ibada. Mwenye bekari akamwongezea kreti mbili za mikate.