Mama Beldina na Moto wa Nyumba Isiyo na Mtu

Saa kumi na mbili asubuhi, Beldina Okello amepiga magoti mbele ya mafiga, anapuliza. Kuni ni mbichi, moshi unamchoma macho, naye anacheka. Nyumba hii ya udongo na nyasi, ya mke mkubwa, haina mtu anayelala ndani. Ni moja ya nyumba sita katika makumbusho ya boma la kale, nje kidogo ya Kisumu, ambako wageni huja kuona walivyoishi wazee.

"Nyumba isiyopikiwa hufa," anasema, akijifuta kwa leso.

Mjane huyu wa miaka 54 amezisiriba kuta hizi kwa udongo na mavi ya ng'ombe kwa miaka kumi na miwili. Hulipwa shilingi 700 kwa siku, na kwa hizo amesomesha mabinti wawili hadi kidato cha nne.

Mwaka juzi nusura riziki hiyo imponyoke. Meneja mpya, Frankline Wechuli, alipiga moto marufuku. Cheche na paa la nyasi, wapi na wapi! Tumwelewe tu, ukikabidhiwa boma la nyasi, usingizi unakuhama.

Lakini moshi ndio uliokuwa ukiwafukuza mchwa. Miezi saba baadaye walikuwa wameyatafuna mapao mpaka paa likainama. Ikaamuliwa nyumba zote zibomolewe, zijengwe kwa simiti na kupakwa rangi ya udongo. Simiti haisiribwi. Kazi ya Beldina ingeisha mwisho wa mwezi.

Akaenda ofisini.

"Bwana Wechuli, nipe wiki tatu na moto katika nyumba ya mke mkubwa. Nikishindwa, bomoa, na mimi niende nyumbani."

"Na ikiungua, Mama?"

"Nitakuwa ndani."

Meneja akakubali. Beldina na fundi Oduor wakabadilisha mapao manne, wakamwaga majivu kwenye mashimo ya mchwa, wakaweka ndoo za maji mlangoni. Moto ukawaka kutwa nzima, kila siku.

Wiki ya tatu Wechuli alipanda ngazi mwenyewe, akagonga pao moja moja. Hakuona mchwa hata mmoja! Akashuka akikohoa, macho yakimtiririka.

"Mama, nilikosea. Hatubomoi," alisema mbele ya wafanyakazi wote.

Akifika hapo, Beldina hushusha sauti. "Mkubwa kuniambia hivyo mimi? Erokamano. Namshukuru sana. Namshukuru Mungu, na marehemu mama mkwe aliyenifundisha moto, ingawa alikuwa mkali, weh!"

Katika chumba anachopanga mtaani Obunga, mwenye nyumba hataki moshi, kwa hiyo hupikia gesi. Ndiyo maana mwaka huu ameanza kujenga kwao marehemu mumewe, kijijini huko Seme. Msingi umeshasimama. Ataezeka nyasi?

"Ai! Nyasi nimezitumikia vya kutosha. Yangu ni mabati. Lakini nyuma kutakuwa na jiko la udongo, na moto wangu mwenyewe. Mgeni wa kwanza ni Bwana Wechuli. Nitamkalisha karibu na mafiga, alie tena."