Neno Nililoliandika Kwenye Plau

Nakumbuka asubuhi moja ya mnada pale Mugumu, mvua za kwanza zimeshaonja udongo. Mwanangu, mimi unayeniona leo na trekta na maduka mawili, darasa la nne ndilo lililonitosha. Siku hiyo nilikuwa kijana mwenye plau tatu kuukuu, nimezipaka rangi nyekundu na kuziandika kwenye ulimi, kile chuma kinachokata udongo, kwa Kizungu: BRAND NEW. Nililinakili neno kwenye boksi la redio. Lilinipendeza tu.

Mama Bhoke, mjane wa Morotonga, akaishika moja. Plau yake ilikuwa imekatika, na maksai wake wanasubiri shambani.

Jirani yangu pale mnadani, Mzee Athumani mhunzi, akaacha kuvukuta moto. "Kijana, umeandika nini?"

"Shikamoo mzee. Mpya kabisa!"

"Marahaba. Mpya ni neno lipi hapo?"

"Hilo la pili."

"Na la kwanza limekuja kula bure?"

Watu wakacheka. Nilikasirika, lakini nisikufiche, swali liliniwasha. Nikamfuata mwalimu mmoja aliyekuwa akichagua mbuzi. Akakuna kichwa, akasema kamusi moja nene ilimfundisha kwamba la kwanza, kwa Waingereza wa kale, lilikuwa kijinga cha moto, ukuni unaowaka. Kitu kilichoitwa BRAND NEW kilikuwa kimetoka kufuliwa na mhunzi, bado cha moto. Baadaye wakausahau moto, wakaita hivyo hata shati.

"Kumbe nao walikuwa na wahunzi!" Mzee Athumani akafurahi, akanyoosha koleo. "Lete basi, tuone kama moto unaijua."

Mama Bhoke alikuwa ananitazama. Nikafungua ulimi wa plau, nikampa mzee, akautia motoni. Rangi ikafuka moshi, ikabanduka, ufa ukajitokeza.

"We mtoto," Mama Bhoke akasema, "hii ingenifia kwenye tuta la kwanza. Wanangu ningewalisha rangi?"

Mzee akanitupia nyundo. Nilifua mpaka mchana, viganja vikachubuka, ufa ukashikana. Mama Bhoke akaondoka na plau ambayo ulimi wake bado ulikuwa na joto, haina neno lolote. Msimu ule alinitangaza Morotonga nzima. Watu husema nilijiinua mwenyewe, nami huwaacha waseme.

Kizuri chajiuza, mwanangu. Kabla hujalibandika neno kwenye mali yako, au kwenye jina lako, uliza lilizaliwa wapi, kisha ujipime nalo. Ukishindwa, kafue kwanza.

Mungu akupe mikono isiyoogopa moto, na ng'ombe wako wazae pacha.